Sabufa ya Dukani na Sabufa ya Kuchonga

Mtu yeyote anayetaka sinema ya nyumbani isikike inavyostahili, siku moja atafika kwenye swali hili: ninunue sabufa iliyo tayari ndani ya katoni, au nichongeshe? Majibu ya haraka yako mawili, na yote yanapita pembeni ya swali. Wa kwanza atakwambia chongesha, utaokoa pesa. Wa pili atakwambia nunua, kiwanda kina wahandisi, fundi wa mtaani ana msumeno tu. Hao wanabishana juu ya bei na ujuzi, na mimi naona kinachoamua ni kitu cha tatu, nacho ni nafasi. Besi ya chini kabisa inadai boksi kubwa, na boksi kubwa ndiyo bidhaa ambayo kiwanda cha ng'ambo kinashindwa kukuuzia kwa bei ya maana, ilhali seremala wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, anaimaliza kabla ya magharibi. Anayetaka boksi dogo anunue, wala asijisumbue. Mwenye nafasi sebuleni na hamu ya mngurumo wa kweli achongeshe, kwa masharti ambayo nitayaeleza.

Tukubaliane kwanza juu ya neno. Dar es Salaam sabufa limekuwa jina la seti nzima: boksi la kati, vispika viwili au vinne, taa za rangi mbele, tundu la flashi, redio na rimoti. Nairobi wataiita wufa. Hakuna ubaya, lugha hukua hivyo. Lakini kwenye mfumo wa sinema, sabufa ni ile spika moja iliyopewa kazi ya sauti za chini peke yake, ile nukta moja unayoisoma katika 5.1. Mfumo wa Dolby Digital, wenye hiyo 5.1, uliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992 kwa filamu ya Batman Returns, na ile nukta moja ni njia iliyotengwa kwa mitetemo isiyozidi hezi 120 (yaani mara 120 kwa sekunde), inayopigwa kwa desibeli 10 zaidi ya njia nyingine. Watengeneza filamu walijua wanachokitafuta. Nami hapa natofautisha mdundo na mngurumo. Mdundo ni ngoma ya singeli, ni gita la besi la bendi ya dansi. Uzi wa chini kabisa wa gita la besi la nyuzi nne hutetema mara 41 kwa sekunde, na kinachopiga kifua mara nyingi kiko juu ya hapo, hezi 50 hadi 100. Mngurumo ni jengo linaloporomoka, helikopta inayokuja kabla haijaonekana, radi ya mbali. Huo uko hezi 30, 25, hata 20. Mtu anayesikiliza muziki tu hana haja ya kuhangaika na mngurumo, na mengi ya mazungumzo haya hayamhusu.

Kushuka kutoka kwenye mdundo hadi kwenye mngurumo kunagharimu kuliko watu wanavyodhani. Sikio lenyewe linaanza kwa kukataa. Sauti ya hezi 1,000, mtu mwenye masikio mazima huanza kuipata kwenye desibeli 2 au 3. Ya hezi 20 inataka desibeli zipatazo 78 ndipo ahisi kuna kitu. Kisha iko hesabu ya hewa. Chukua spika ya inchi 8, koni yake ina eneo la kama sentimita za mraba 210. Tuseme inaweza kwenda mbele milimita 5 na kurudi nyuma milimita 5 bila kukwaruza. Ndani ya boksi lililozibwa, ukisimama mita moja, kwenye hezi 60 itakupa kama desibeli 100, kelele ya kumwamsha jirani. Ishushe hadi hezi 30. Koni ni ileile na mwendo ni uleule, lakini umebaki na desibeli 88, kwa sababu kila ukigawa mitetemo kwa mbili, hewa ya kusukuma inazidi mara nne ili sauti ibaki palepale. Angalia kwamba wati sijazitaja bado. Hata uiunganishe na mtambo wa kanisa, koni imeshafika mwisho wa safari yake. Spika ya inchi 15 yenye mwendo wa milimita 10 kila upande inasukuma hewa karibu mara 8 ya ile ndogo, na kwenye hezi 30 ileile inafika desibeli 106. Tofauti hiyo kitufe cha besi hakiwezi kuiziba.

Mtu atasema, basi kiwanda kiweke spika kubwa ndani ya boksi dogo. Kinaweza, na kinafanya hivyo, lakini kuna sheria inayokisubiri mlangoni. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika iitwayo AR-1, boksi lililozibwa kabisa, dogo kwa viwango vya siku zile, ambalo hewa ya ndani yake ndiyo iliyofanya kazi ya springi. Besi yake ilishuka kuliko makabati makubwa ya wakati huo, ila ilitaka amplifaya yenye nguvu zaidi. Mshirika wake Henry Kloss baadaye akaanzisha na wenzake wawili kampuni ya KLH, na herufi ya mwisho ya jina hilo ni ya Anton Hofmann, mtoto wa mpiga piano maarufu Josef Hofmann. Huyo Anton ndiye ambaye wapenzi wa spika humtaja kwa ile wanayoiita sheria ya chuma: boksi dogo, besi ya chini, na ufanisi wa umeme, chagua viwili, cha tatu utakikosa. Hesabu yake haina huruma. Ukitaka kushuka kutoka hezi 50 hadi 25 bila kupoteza ufanisi, boksi linapaswa kukua mara 8. Ukikataa kulikuza, ufanisi unashuka hadi sehemu moja ya nane, na fidia yake ni wati mara 8, yaani amplifaya ya wati 100 igeuke ya wati 800. Na spika ya kawaida hugeuza kama asilimia moja tu ya umeme kuwa sauti, kilichobaki ni joto linalochoma koili. Kwa hiyo boksi dogo linaloshuka chini lipo, na linauzwa, lakini ndani yake kuna sumaku nzito, koili ya kustahimili moto na amplifaya kubwa. Bei yake inakwenda huko huko.

Kwa nini basi kiwanda kisitengeneze boksi kubwa lenye vifaa vya bei ya kawaida? Kwa sababu kitakuwa kinasafirisha hewa. Kontena la futi 40 lina nafasi ya kama mita za ujazo 67. Boksi lenye lita 60 ndani, ukiongeza unene wa mbao, povu la kulikinga na katoni, linakula kama mita za ujazo 0.15, kwa hiyo zinaingia kama 450, tena ukipanga kwa ustadi. Katoni za sabufa ndogo, za mita za ujazo 0.03 kila moja, zinaingia zaidi ya 2,000. Nauli ya kontena ni ileile, na ghala la Kariakoo au duka la barabara ya Luthuli, Nairobi, linalipiwa pango kwa nafasi vilevile. Mfanyabiashara hana kosa hapo, ndivyo hesabu yake inavyomwelekeza. Kosa ninaloliona ni kule kuficha ufupi wa besi kwa kuandika kwenye katoni maelfu ya wati za PMPO, yaani za kilele cha kufumba na kufumbua. Dawa yake ni nyepesi: igeuze sabufa, soma kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa umeme inaoutumia. Kama pameandikwa wati 60, amplifaya iliyomo haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya inachovuta ukutani. Marekani walichoshwa na mchezo huu mapema, tume yao ya biashara ikaweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya mwaka 1974. Sisi tuna kibandiko.

Sasa pingamizi la kwanza, na ndilo zito. Watu husema spika za kuchonga zinavuma: zinatoa noti moja tu, kila ngoma na kila bomu linasikika "buu". Ni kweli, nyingi ziko hivyo, na sababu yake inajulikana. Boksi limekatwa kwa macho, likatobolewa tundu la hewa kwa ukubwa uliopendeza. Tundu lile si pambo. Hewa iliyo ndani ya bomba lake na hewa iliyo ndani ya boksi zinafanya kazi kama chupa unayoipuliza mdomoni. Zina noti yao, na noti hiyo inapangwa kwa urefu wa bomba. Chukua boksi la lita 60 na bomba la plastiki la inchi 4, lile la fundi bomba. Ukilikata sentimita 15, boksi litaitika karibu na hezi 42, na hapo ndipo linapovuma kama mtungi. Liache sentimita 36, linashuka hadi hezi 30. Bomba lilelile la sentimita 36 ukilitia kwenye boksi la lita 30, umerudi hezi 42. Kwa hiyo kati ya sabufa ya sinema na mtungi unaovuma kuna kipande cha bomba cha sentimita 21 tu. Fundi aliyekosea hapo hakukosa ujuzi wa mbao, alikosa namba.

Na namba hizo zilikuwa shida kweli hadi mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alipochapisha mwaka 1961 namna ya kulihesabu boksi kutokana na tabia za spika yenyewe, na Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney akaikamilisha kazi hiyo miaka ya 1970. Kabla yao hata viwanda vikubwa vilibahatisha kwa sehemu kubwa. Baada yao, siri ya kiwanda ikawa karatasi ya wazi: spika ina noti yake ya asili, ina ulegevu wake unaopimwa kwa lita za hewa, ina kiasi chake cha kujizuia, na kwa tarakimu hizo tatu programu ya bure kama WinISD itakwambia lita za boksi na sentimita za bomba. Utasema spika za sokoni hazina karatasi. Nyingi hazina, ndiyo, na ambayo haina hupaswi kuilipia bei ya ile iliyo nayo. Lakini hata hiyo inapimika. Unganisha rizista ya omu 1,000 mfululizo na spika isiyo na boksi, weka multimita kwenye nyaya mbili za spika, piga toni kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, anza hezi 20 ukipanda pole pole. Volti zitapanda, zitafika kilele, zitaanza kushuka. Pale kwenye kilele ndipo noti ya asili ya spika ilipo. Bandika katikati ya koni udongo wa kuchezea watoto uliopimwa gramu zake kwenye mizani, rudia. Kilele kitashuka, na kutokana na kiasi kilichoshuka unapata ulegevu wake. Kazi ya nusu saa. Fundi redio yeyote mwenye subira anaiweza, na asiyetaka kuifanya usimpe kazi ya boksi lenye bomba. Mwambie akuzibie boksi moja kwa moja. Boksi lililozibwa husamehe makosa ya lita chache, lenye bomba halisamehi.

Pingamizi la pili ni la bei, na hapo nakubali zaidi ya nusu. Kiwanda kinachonunua spika kwa maelfu kitakushinda kwenye sabufa ndogo kila siku. Anayechongesha sabufa ya inchi 8 ili aokoe pesa atatumia zaidi na kupata pungufu, bila rimoti wala tundu la flashi. Hesabu inageuka unapopanda hadi inchi 12 au 15 na boksi la lita 60, 100 au zaidi. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 ya milimita 18 inatoa maboksi mawili ya lita 60 na vipande vya kuimarishia ndani, na ukubwa huo, ambao kontena linauogopa, kwa seremala ni kupima na kukata tu. Ila chunga spika unayoitia humo. Spika za inchi 18 za kumbi na sherehe za uwanjani zimetengenezwa kupiga kelele nyingi kwa wati chache. Noti yao ya asili mara nyingi iko hezi 35 hadi 40 na koni haina mwendo mrefu. Zitakupa mdundo wa harusi, mngurumo wa filamu zitauruka. Spika za besi za magari zina mwendo mrefu, nazo nyingi huja na karatasi ya tarakimu. Usidharau kwa sababu imeandikwa ya gari. Hewa haijui kama iko kwenye buti au sebuleni.

Wapo wanaosema sabufa ya kiwandani ina akili ndani yake: inazuia koni isijipige, inakata sauti za chini mno zinazoweza kuipasua. Hilo ni kweli kwa zile za bei ya juu, na ni hoja ya kuheshimiwa, kwa sababu kwenye boksi lenye bomba, mitetemo iliyo chini ya noti ya boksi huiacha koni bila breki. Jibu langu ni kwamba kuchongesha boksi hakukulazimishi kuchongesha kila kitu. Amplifaya inunuliwe, tena yenye kichujio cha kukata sauti za chini, na iwe kwenye sanduku lake nje ya boksi. Umeme wa ukutani unaua, na hakuna besi inayostahili kutafutwa kwa transfoma iliyofungwa kwa selotepu. Tena kuitenga amplifaya kuna faida ambayo mwenye duka haitaji. Ndani ya sabufa ya katoni, ubao wa saketi umefungwa pamoja na spika inayoutikisa kila usiku, na umeme wa kwetu unaopanda na kushuka unajua kuutafuta. Ukifa, fundi anakuta vipuri vimemwagiwa gundi na mchoro hakuna, na mwenye nyumba anabaki na meza ya kuwekea maua. Amplifaya ya nje ikifa unatoa waya mbili, unaweka nyingine. Ukingo wa povu wa koni ukioza, nao huoza, hasa pwani, unafungua skrubu nane.

Limebaki jambo ambalo si la dukani wala la seremala, nalo huharibu sabufa za pande zote mbili. Chumba. Sauti ya hezi 43 ina urefu wa mita 8, na chumba cha mita 4 kinaipokea kama mtu aliyekuwa akiisubiri: inagonga ukuta na kurudi ikijikuta, mahali pengine inajazana, pengine inajifuta kabisa. Nyumba zetu za tofali na saruji zinarudisha besi kwa ukali kuliko kuta nyepesi za huko ambako sabufa nyingi hubuniwa, na madirisha yetu ya wazi yanamwaga nje mngurumo ambao chumba kilichozibwa kingeushikilia. Kwa hiyo sabufa ya bei mbaya iliyosukumwa kwenye pembe yoyote tu itavuma kama ile ya kuchonga, na lawama itamwangukia asiyehusika. Kabla ya kumlaumu fundi au duka, iweke sabufa juu ya kochi pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu wewe tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Watoto watacheka, wacha wacheke. Pale ambapo noti zote za besi zinasikika sawasawa, ndipo pa kuiweka.

Kuhusu mbao sina mengi. Bara, MDF ya milimita 18 inatosha. Pwani, kwenye unyevu wa kaskazi na nyumba inayodekiwa kila asubuhi, MDF isiyopakwa rangi pembeni inavimba kama mkate kwenye chai, kwa hiyo plaiwudi nzuri ni bora, na miguu ya mpira chini. Kila kiungo gundi na silikoni, maana boksi linalovuja hupiga mluzi.

Na kabla hujampigia seremala wala hujapanda daladala kwenda Kariakoo, chukua tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, ubandike sakafuni sebuleni mraba wa sentimita 50 kwa 50, uusimamishie maboksi matupu hadi usawa wa goti. Uache wiki moja. Kama wiki inaisha na hakuna aliyejikwaa, hakuna aliyenung'unika, mpe seremala vipimo. Kama siku ya tatu unakuta maboksi yako yako uani na pale pamewekwa ndoo ya maji ya kunywa, basi beba pesa zako dukani, ugeuze sabufa, usome kibandiko.